Udukuzi Mezani: Kanuni za Mitandao na Programu kwa Mchezo wa Saibapanki

Kwenye meza nyingi za saibapanki, michezo ya kuigiza wahusika katika ulimwengu wa baadaye uliotawaliwa na kompyuta, mdukuzi akishachomeka waya, wenzake wanatoa simu mifukoni. Msimulizi, yaani anayeongoza mchezo, na mchezaji mmoja wanazama katika ramani ya mtandao kwa nusu saa, na wengine wahusika wao wamebanwa kwenye ngazi za dharura wakingoja mlango ufunguke. Tatizo hili lina umri sawa na michezo yenyewe. Cyberpunk ya mwaka 1988 na Shadowrun ya 1989 zote zilimpa mdukuzi ulimwengu wa pembeni wenye ramani yake, maadui wake na saa yake. Hiyo saa ya peke yake ndiyo iliyoharibu mambo.

Kanuni hizi zimejengwa juu ya sharti moja: mdukuzi anacheza kwa saa ileile ya wenzake, akiwa karibu nao, na kila anachokosea kule ndani kinaonekana huku nje. Unaweza kuzipachika kwenye mchezo wowote unaotumia dadu mbili za pande sita. Kama mfumo wenu unatumia dadu nyingine, badilisheni namba, lakini msiguse mpangilio.

Vifaa ni vichache: dadu mbili kwa kila mtu, dadu moja kubwa ya rangi tofauti, kadi tupu kumi hivi, penseli, na simu moja ya kuhesabu sekunde. Mhusika naye anahitaji namba moja tu mpya, Udukuzi, kuanzia 0 hadi 4. Mwenye 0 anajua kuwasha mashine. Mwenye 2 ni fundi wa kawaida. Mwenye 3 anakula kwa kazi hii, na mwenye 4 anatafutwa na watu asiowajua.

Jaribio lolote ni hili: rusha dadu mbili, jumlisha Udukuzi, jumlisha msaada wa programu, na ufikie au upite Ugumu uliowekwa. Msimulizi akumbuke uwezekano huu kichwani, maana ndio unaoendesha kila kitu kinachofuata: kupata 5 au zaidi kwa dadu mbili ni asilimia 83, kupata 6 ni 72, 7 ni 58, 8 ni 42, na 9 ni 28. Ukishavuka 9, mchezaji anacheza bahati nasibu.

Kuchora mtandao

Kadi moja, nodi moja, yaani kituo kimoja cha mtandao. Kwenye kila kadi andika kitu ambacho nodi inakiendesha, Ugumu wake, amri mbili au tatu zinazowezekana pale, na mlinzi, yaani programu inayoilinda nodi, kama yupo. Zipange mezani zikiwa zimelala kifudifudi, zikigusana. Mdukuzi anaweza kwenda kwenye kadi iliyogusana na nodi ambayo tayari anaidhibiti, basi.

Ugumu wa 7 ni wa vitu ambavyo hakuna aliyejisumbua kuvilinda, kama printa, taa za ukumbini au skrini ya matangazo. Ugumu wa 9 ni ofisi inayojiheshimu. Ugumu wa 11 ni hazina ya data, roboti za ulinzi, au chochote ambacho mwenye jengo angelia akikipoteza. Ugumu wa 13 uwekee mitambo ya jeshi, na hata huko uuweke kwenye nodi moja tu. Mwenye Udukuzi 3 bila programu anahitaji 10 kwenye dadu, yaani asilimia 17.

Idadi ya nodi ni tatu kwa duka au nyumba ya mtu, tano kwa jengo la kampuni, saba kwa kazi kubwa ya kumalizia msimu. Usizidishe saba. Mtandao wa nodi tano unakula vitendo kumi hadi kumi na viwili, yaani raundi tano au sita, na mapambano ya kawaida ya risasi nayo huchukua muda huohuo. Ukiweka nodi kumi na mbili, wenzake watakuwa wamemaliza kupigana, wamefunga majeraha, na wameanza kuzungumzia mambo mengine.

Kosa linalorudiwa sana kwenye ramani ni nodi isiyo na kazi. Msimulizi anaweka "ngome ya kwanza", "ngome ya pili", kisha "ngome ya tatu", na mchezaji anarusha dadu mara tatu bila chochote kubadilika. Nodi ya namna hiyo ni ushuru tu. Kabla hujaiweka kadi mezani, jiulize: mdukuzi akiidhibiti hii, mwenzake aliyeshika bunduki ataona nini? Lifti imesimama kati ya ghorofa mbili, maji ya kuzimia moto yanamwagika, taa zimezimika upande mmoja wa ukumbi, mlango wa gereji umeanza kushuka. Kama jibu ni "hataona kitu", iunganishe kazi yake na nodi nyingine au ichane. Pia weka angalau njia panda moja. Mstari mnyoofu hauna uamuzi wowote ndani yake.

Umbali

Mdukuzi lazima awe ndani ya mita 10 kutoka kifaa chochote cha mtandao ule, au awe amechomeka waya. Bila waya anaweza kutembea nusu ya mwendo wake wa kawaida huku akifanya kazi. Akivuka mita 10, anahesabiwa kuwa amekatika ghafla. Kwa waya anapata +1 kwenye kila jaribio la udukuzi, lakini hatoki alipo, na watu wenye bunduki wanajua soketi zao ziko wapi.

Wachezaji wataomba kudukua wakiwa chumbani kwao, kilomita nyingi kutoka eneo la kazi. Kataa. Sababu ya ndani ya mchezo si ngumu kuipata: mitandao ya maana imetengwa na ulimwengu wa nje, na hata katika maisha halisi ndivyo mitambo nyeti inavyolindwa. Sababu ya kweli ni kwamba mdukuzi aliye mbali hana cha kupoteza, na mtu asiye na cha kupoteza anachosha kumtazama.

Zamu ya mdukuzi

Raundi ni sekunde 6 za ndani ya mchezo, sawa na za wengine. Katika zamu yake, mdukuzi aliyeunganishwa ana vitendo viwili vya mtandao badala ya kitendo chake cha kawaida. Kila kimoja kinaweza kuwa mojawapo ya hivi: kuingia nodi iliyogusana, kutumia nodi anayoidhibiti (bila kurusha dadu), kuendesha programu, kumpiga mlinzi, kupakia upya programu iliyojifunga, kunakili sehemu moja ya faili, au kuchomoka kwa utaratibu.

Zingatia hilo la kutumia nodi bila dadu. Ukishaidhibiti milango, kufungua mlango hakuna mjadala. Meza zinazodai dadu ya kuingia, dadu ya kupata amri na dadu ya kutekeleza amri zinazidisha kushindwa bila kujua: asilimia 72 mara tatu mfululizo ni asilimia 37 tu.

Weka simu ihesabu sekunde 90 za kweli. Zikiisha, kitendo ambacho hakijatamkwa kimepotea. Mara ya kwanza watanung'unika, na kufikia kikao cha tatu mdukuzi atakuwa anapanga zamu yake wakati wenzake wanacheza zao, jambo ambalo ndilo ulilokuwa unalitaka.

Kuna pia kuunganisha ubongo moja kwa moja, kwa mhusika mwenye soketi kichwani. Hapo vitendo vinakuwa vitatu, lakini mwili unalegea na hauoni wala kusikia kinachoendelea chumbani, na kuna mlinzi mmoja, utakutana naye chini, anayesubiri watu wa namna hiyo tu.

Kengele

Ile dadu kubwa ya rangi tofauti ikae katikati ya meza ambapo kila mtu anaiona. Ndiyo Kengele. Mtandao unaanza ukiwa 0, dadu ikiwa pembeni, kisha namba ya juu inaonyesha 1 hadi 6.

Kengele inapanda 1 kila jaribio la kuingia au kupiga likishindwa, na inapanda 2 likishindwa kwa tofauti ya 4 au zaidi. Inapanda 1 programu yenye kelele ikitumika, hata ikifanikiwa. Na inapanda 1 kila raundi ya tatu inapoisha, bila kosa la mtu, kwa sababu mtandao unajikagua. Sehemu hii ya mwisho usiiache. Bila hiyo, mdukuzi stadi anakaa ndani akichungulia kila kadi kwa starehe na hakuna kinachomsukuma atoke.

Ikifika 2, walinzi wote waliolala wanaamka. Ikifika 4, mfumo umejua mdukuzi yuko wapi kimwili, na watu wanafika baada ya raundi tatu. Manenosiri yote yaliyoibwa pia yanafutwa. Ikifika 6, mtandao unajifunga, mdukuzi anatupwa nje, na deki yake, yaani mashine ya kudukulia, inapata madhara sawa na namba ya dadu moja.

Hesabu ya majaribio: chukua mtandao wa nodi moja ya Ugumu 7, mbili za 9 na mbili za 11. Mwenye Udukuzi 3 na programu ya kuingilia yenye +2 atashindwa mara moja hivi kwa wastani. Ukiongeza pointi za muda, anamaliza Kengele ikiwa 2 au 3. Mtu huyohuyo bila programu atashindwa karibu mara nne, atatumia raundi sita na ziada, na Kengele itamfikisha 6 au pembeni yake. Kwa hiyo programu zina uzito hapa, si mapambo, na mchezaji ataziheshimu.

Deki na nafasi zake

Mashine ya kudukulia, deki, ina namba mbili: Nafasi na Uimara. Deki ya mtumba ina Nafasi 5 na Uimara 6. Ya kazi ina 7 na 9. Ile ambayo watu huuana kwa ajili yake ina 9 na 12. Uimara ukifika 0 deki inazima na mdukuzi anakatika ghafla. Kuitengeneza ni siku moja kwa kila pointi.

Programu zote zilizo hapa chini zinahitaji Nafasi 12 kwa jumla, na hakuna deki yenye 12. Hiyo ni makusudi.

Ufunguo Malaya huchukua Nafasi 2 na kutoa +2 kuingia nodi yoyote, kimyakimya. Nondo huchukua 1 na kutoa +3, lakini ina kelele: Kengele +1 kila ikitumika. Kinyonga huchukua 2 na hufuta mpando mmoja wa Kengele, wa ukubwa wowote, mara moja kwa kila uvamizi. Matumizi yake yatangazwe kabla msimulizi hajageuza dadu. Popo huchukua 1 na kufunua kadi zote zilizogusana na nodi uliyopo, walinzi wakiwemo, bila dadu. Kasuku huchukua 1. Ukiwa unadhibiti nodi ya kamera au vihisi, hurudiarudia picha za dakika iliyopita kwa raundi za dadu moja, ukihesabu raundi ya kuiwasha. Gundi huchukua 1. Ikimpata mlinzi humgandisha raundi mbili. Panga huchukua 2 na humpunguzia mlinzi uhai kwa dadu moja. Ngao huchukua 1, hupunguza madhara 2 kwa kila pigo, na huvunjika ikishazuia jumla ya 6, kwa kawaida pigo la tatu au la nne. Kupe huchukua 1. Ukimwacha kwenye nodi, safari ijayo unaingia hapo bila dadu, ingawa kila wiki msimulizi anarusha dadu moja na ikitoka 1 mwenye mtandao amemwona na amemwacha pale awe mtego.

Misaada ya programu haijumlishwi. Kubwa zaidi ndiyo inayohesabiwa. +1 ya waya peke yake ndiyo inayoongezwa juu yake. Mkiruhusu Ufunguo Malaya na Nondo vishikane, mwenye Udukuzi 3 anapata +8, anahitaji 3 tu dhidi ya Ugumu 11, yaani asilimia 97, na mnaweza kuweka kadi zenu kabatini.

Sasa jambo ambalo watu husahau mpaka liwaumize: faili zinazoibwa nazo zinakaa kwenye deki. Faili ina ukubwa wa 1 hadi 3, inahitaji kitendo kimoja kwa kila sehemu, na inahitaji Nafasi tupu sawa na ukubwa wake. Aliyejaza deki programu hana pa kuweka alichokuja kuiba. Anaweza kufuta programu papo hapo bila kutumia kitendo, lakini haitarudi mpaka afike kwenye nakala zake za nyumbani. Kuna ladha ya pekee kumwona mchezaji akifuta Ngao yake, Kengele ikiwa 3, ili mafaili ya hesabu yaingie.

Walinzi

Kila mlinzi ana Ulinzi (Ugumu wa kumpiga), uhai, na tabia moja. Nasisitiza moja: ukimpa mlinzi tabia tatu, utasahau mbili.

Bawabu ana Ulinzi 8 na uhai 4. Hapigi mtu wala hasinzii. Anaongeza 2 kwenye Ugumu wa nodi anayoilinda. Nusanusa ana Ulinzi 9 na uhai 4. Akiwa macho, Kengele inapanda 1 zaidi kila mwisho wa raundi. Nyigu ana Ulinzi 9 na uhai 6. Hushambulia deki kwa dadu mbili +3, madhara dadu moja. Swila ana Ulinzi 11 na uhai 8. Hushambulia kwa +4, na madhara yake, dadu moja, yanaenda kwenye mwili wa aliyeunganisha ubongo. Kwa mtumiaji wa waya au wa kawaida, Swila ni Nyigu mwenye nguvu tu.

Walinzi hushambulia mwisho wa raundi, baada ya watu wote kucheza, wakijaribu kufikia 7 kujumlisha Udukuzi wa mhusika. Dhidi ya Udukuzi 3, Nyigu anapiga asilimia 58 ya mara na kuondoa wastani wa pointi 2 kwa raundi. Deki ya mtumba inadumu raundi tatu. Kwa Ngao, hasara inashuka hadi 1 hivi kwa raundi, na ndiyo maana mdukuzi mwenye deki ndogo akiniuliza anunue nini kwanza, jibu ni Ngao kabla ya Panga. Kumuua Nyigu mwenye uhai 6 kunahitaji mapigo mawili kwa kawaida, na kila jaribio lililoshindwa linapandisha Kengele. Mara nyingi kumgandisha kwa Gundi na kupita ni nafuu.

Mtandao wa nodi tano ubebe walinzi wawili. Ukiweka watatu, mmoja awe Bawabu.

Kutoka

Kuchomoka kwa utaratibu ni kitendo kimoja. Kukatika ghafla, iwe mtu amevuta waya, umeme umekwenda au umevuka mita 10, hakutumii kitendo, lakini kila mlinzi aliye macho anapiga pigo moja ambalo halikosi, na faili iliyokuwa katikati ya kunakiliwa inaharibika.

Raundi tano kwa ukaribu

Huu ni mfano. Mdukuzi wetu, Tando, ana Udukuzi 2, deki ya mtumba, na ndani yake Ufunguo Malaya, Popo, Kasuku na Ngao. Yuko ndani ya gari lililoegeshwa mita saba kutoka ukuta wa ghala, bila waya. Mwenzake, Jabali, yuko kwenye kivuli cha makontena, akisubiri mlango wa nyuma.

Raundi ya 1. Tando anaingia Mapokezi, Ugumu 7: dadu 4 na 2, kujumlisha 2 na 2, ni 10. Kitendo cha pili, Popo: zinafunuliwa kadi mbili, Kamera yenye Ugumu 9 isiyo na mlinzi, na Milango yenye Ugumu 11 ambako Nyigu amelala.

Raundi ya 2. Kamera: 1 na 3, jumla 8. Imekosekana kwa moja, Kengele 1. Hapa msimulizi hasemi "umeshindwa" akanyamaza. Anamgeukia Jabali: kamera iliyokuwa ikitazama geti imezunguka nusu na kutulia juu ya makontena. Jabali anatumia zamu yake kulala chini. Tando anarudia: 5 na 2, jumla 11. Kamera ni zake.

Raundi ya 3. Anawasha Kasuku, dadu inatoa 3, hivyo picha za kughushi zitadumu raundi ya 3, 4 na 5. Jabali anakimbia kuelekea mlangoni. Tando anajaribu Milango: 2 na 3, jumla 9 dhidi ya 11. Kengele 2, Nyigu anaamka. Mwisho wa raundi Nyigu anarusha 8, kujumlisha 3 ni 11 dhidi ya 9 ya Tando, amempata. Madhara 5, Ngao inazuia 2, Uimara unashuka kutoka 6 hadi 3. Na kwa kuwa ni raundi ya tatu, Kengele inakuwa 3.

Raundi ya 4. Hapa pana uamuzi. Jabali ameegemea mlango uliofungwa, Tando ana Uimara 3, hana Gundi wala Panga. Anajaribu tena: 6 na 3, jumla 13. Kwa kitendo cha pili anafungua, Jabali anaingia. Nyigu anarusha 5, jumla 8, amekosa.

Raundi ya 5. Anafunga mlango wa chumba cha walinzi, kisha anachomoka kwa utaratibu. Raundi ya sita ingeipandisha Kengele hadi 4 hata kama asingekosea.

Hazina ya data hakuigusa, na hata angeifikia, Nafasi zake zote 5 zimejaa. Jabali itabidi ang'oe diski kwa mkono, ndani ya ghala ambalo kamera zake zimeanza kuona tena.

Nenosiri la mtu

Udukuzi wa kweli mara nyingi huanza kwa binadamu aliyetoa nenosiri, na kanuni zilipe hilo uzito. Mhusika yeyote akipata nenosiri la mfanyakazi kwa kumrubuni, kumtisha au kumwibia kitambulisho, mdukuzi anaingia bila dadu kwenye nodi ambazo mfanyakazi huyo huzitumia kikazi, mpaka Kengele ifike 4. Msafishaji anafungua milango, hafungui hazina. Amua mapema ni wafanyakazi gani watatu wana ufunguo wa nodi zipi, na uandike nyuma ya kadi. Kanuni hii peke yake inawapa wenye maneno matamu kazi ya kufanya siku moja kabla ya uvamizi.

Kudukua miili na silaha

Bunduki janja, jicho la bandia, mkono wa chuma: kila mchezaji ataomba kuvidukua, na ukiacha wazi, mapambano yote yatageuka kuwa hayo. Fanya hivi. Lengo liwe ndani ya mita 10 na lionekane. Gharama ni vitendo vyote vya zamu. Ugumu ni 9 kwa silaha na 11 kwa kiungo. Ukifanikiwa, kifaa kinazima kwa raundi moja, kisha kinajiwasha, na kifaa hicho hakidukuliki tena pambano lile. Hakiui, hakigeuzwi dhidi ya mwenye nacho. Mnaotaka kumfanya adui ajipige risasi mwenyewe mtalilia kanuni hii siku msimulizi atakapowaletea mdukuzi wa upande wa pili.

Kuandika programu

Kati ya kazi na kazi, mdukuzi anaweza kuandika programu mwenyewe. Inachukua siku tatu kwa kila Nafasi, na jaribio dhidi ya 9 kwa programu ya Nafasi 1 au 11 kwa ya Nafasi 2. Akishindwa, programu bado ipo, ila ina dosari: wakati wowote inatumika na dadu mbili zikatoka namba sawa, inajifunga na inahitaji kitendo kuipakia upya. Hiyo ni mara moja kati ya sita. Kwa programu zisizorusha dadu, kama Popo na Kasuku, rusha dadu mbili kwa ajili ya dosari tu. Jaribio hili arushe msimulizi kwa siri. Mdukuzi ajue ana programu, asijue ina nini. Akitaka uhakika, aikague kwa siku tatu nyingine na jaribio lilelile, na likifaulu dosari imeondoka.

Mezani kwenu huenda yuko mtu anayefanya kazi ya kompyuta, naye ataeleza kwamba mlango wa namna ile hauwezi kuunganishwa na kamera kwa itifaki ile. Mpe +1 mara moja kwa kila uvamizi kwa maelezo yoyote mazuri, na wakati anaeleza, usisimamishe zile sekunde 90.